Kwaya ya vijana wenye usonji hapa Dar: maoni ya mzazi, nyota nne na nusu

Naandika hii kwa ajili ya wazazi na walezi wenye vijana wenye usonji (autism, hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mtu anavyowasiliana na anavyopokea sauti na mabadiliko) hapa Dar, hasa wale ambao watoto wao wameshapita umri wa kuitwa watoto. Mwanangu ana miaka 17 na yuko kwenye kwaya ya vijana wenzake wenye usonji, na muda umeshakuwa mrefu wa kutosha mi kuweza kuisemea mazuri na mapungufu bila kubahatisha. Jina la kwaya na sehemu wanapofanyia mazoezi siweki, ndo utaratibu wao wa kulinda vijana, hata picha haziruhusiwi kurushwa ovyo na mi nakubaliana nao asilimia mia. Mwenye uhitaji wa kweli aniulize pembeni nitamuunganisha na mwalimu.

Niseme kabisa sababu kubwa ya hizo nyota. Pale mwanangu anahesabika mwimbaji. Anaimba teno, ile sauti ya juu ya wanaume, ana faili la nyimbo lenye jina lake, na akiingia kabla ya muda wake mwalimu anasimamisha watu wote anasema teno mmewahi, turudie mwanzo wa ubeti. Hakuna anayempigia makofi kwa sababu tu kafungua mdomo. Mwanzoni hiyo ilinishtua maana sehemu zote tulizozoea anapongezwa hata kwa kusimama tu, afu nikaona anavyojitahidi kuingia kwa wakati ile mara ya tatu na ya nne, na akipatia anajua mwenyewe kwamba kapatia, huhitaji kumwambia. Miaka yote tumekuwa tukimpeleka sehemu za kumrekebisha, hapa ndo mara ya kwanza kuna watu wanamhitaji. Siku asipokuja teno inapwaya na wanapiga simu kuuliza yuko wapi.

Mwenye mtoto mdogo labda hataona uzito wa hili kwa sasa. Ukiwa na mtoto wa miaka mitano sita bado kuna pa kukimbilia, sio pengi lakini papo, kuna kitengo cha usonji pale shule ya msingi Msimbazi Mseto Ilala, kuna shule ya Mbuyuni kule Oysterbay, kuna vituo vya watu binafsi, kuna mazoezi ya kuongea kwa wenye uwezo wa kulipia. Watu pia wanamhurumia mtoto mdogo. Sasa subiri afike 14, 15, ndevu zinaanza, sauti inakuwa nzito, akirusharusha mikono kwenye daladala watu wanahama siti, konda anakwambia mama mshike huyo mtu wako. Vitengo vingi nilivyopita mimi ni vya shule ya msingi, akimaliza pale unaambiwa tu asante mama tumefika mwisho, na kijana anarudi kukaa ndani na simu. Kwa hiyo kitu chochote kinachosema wazi kwamba kinapokea vijana, wa miaka 13 mpaka 25, mi nilikuwa tayari kukipa nafasi kabla hata sijasikia wimbo mmoja.

Mazoezi ni Jumamosi saa 3 asubuhi mpaka saa 5. Ukifika mlangoni kuna ubao una picha za mambo yote ya siku hiyo kwa mpangilio, viti, maji, mazoezi ya pumzi, wimbo wa kwanza, wimbo wa pili, mapumziko, wimbo mpya, kwaheri. Kila kitu kikiisha kijana mmojawapo anaitoa ile picha anaiweka kwenye boksi. Kila mmoja ana kiti chake chenye alama yake na hakibadilishwi kienyeji. Pembeni kuna chumba kidogo kina mkeka na mito, pazia zito, anayezidiwa anaenda hata katikati ya wimbo na hakuna anayemwuliza, akitulia anarudi anaendelea pale walipofika. Vijana wengine wanavaa zile hedifoni za mafundi za kuzuia kelele, tulizinunua Kariakoo, na unaweza ukajiuliza mtu anaimbaje kwaya kaziba masikio, jibu ni kwamba zinapunguza tu ukali, sauti za wenzake anazipata vizuri na ile milio mikali inayomuumiza haimfikii kama ilivyo.

Kitu kimoja ambacho nimekiwaza sana ni aina ya nyimbo walizoanza nazo. Mwalimu alianza na nyimbo za kuitikia, kiongozi anatoa, wengine wanarudisha, kama ngoma zetu zote zilivyo kwa bibi na babu zetu huko vijijini. Wazazi wenzangu mnajua vijana wetu wengi wanarudia maneno, unamwuliza unataka chai naye anakujibu unataka chai. Shuleni mwanangu aliandikiwa kwenye ripoti kwamba anakariri kama kasuku na mwalimu mmoja alikuwa anamkataza kabisa asirudie. Sasa kwenye wimbo wa kuitikia kurudisha kile kile ulichosikia, kwa sauti ile ile na mahadhi yale yale, ndo kuimba kwenyewe. Kitu alichokatazwa miaka yote hapa kinatakiwa, na anakifanya vizuri kuliko vijana wengi wasio na usonji ambao wanabadilisha maneno hovyo. Kutoka hapo mwalimu akaanza kubadilisha taratibu, kiongozi anatoa mstari na jibu ni tofauti kidogo, mwezi mwingine tofauti zaidi, na sasa hivi mwanangu mwenyewe kuna wimbo anatoa yeye na wenzake wanaitikia. Kijana ambaye haanzi mazungumzo kabisa nyumbani, pale anaanza wimbo na watu ishirini na kitu wanamfuata.

Na hili la usonji na nyimbo wala sio jipya. Daktari Leo Kanner alipoandika ile makala yake ya mwaka 1943 iliyoelezea usonji kwa mara ya kwanza kama hali inayojitegemea, alizungumzia watoto 11, na wa kwanza kabisa kwenye orodha alikuwa mtoto wa Mississippi kule Marekani anaitwa Donald. Kwenye maelezo yake imeandikwa kwamba alipokuwa na mwaka mmoja tu alikuwa anaweza kuimba na kuvumisha nyimbo nyingi bila kukosea. Huyo Donald Triplett aliishi mpaka 2023, akafanya kazi benki, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi. Mi huwa nawaambia wazazi wenzangu pale nje tunaposubiri, kwamba mtoto wa kwanza kabisa kuandikwa alikuwa anaimba, sasa kwa nini huku kwetu kitu cha kwanza tunachoambiwa ni orodha ya asivyoweza.

Kuhusu sikio, nieleze kisa kimoja kwa urefu kidogo kwa sababu kinaonyesha mwalimu anavyofanya kazi. Wanaimba kwa nota za sol-fa, zile zile za makanisani, d r m f s l t, karatasi imeandikwa juu kabisa Doh ni G au Doh ni F, yaani ile d, nota ya kwanza ya ngazi, leo inakaa kwenye sauti ipi ya kinanda. Mnaoimba kwaya mnajua Doh inahama, leo iko hapa kesho iko pale, na mtu wa kawaida wala hajali, ukimshushia nusu nota anaendelea tu kuimba. Kuna kijana mmoja, besi, sauti nzito ya wanaume, huyo anasikia nota kwa jina, ukigonga sufuria anakwambia ni nota gani, na utafiti umeonyesha wazi kwamba sikio la namna hiyo linapatikana zaidi kwa watu wenye usonji kuliko kwa watu wengine. Siku moja soprano, wale wa sauti ya juu ya kike, walikuwa wamechoka, mwalimu akashusha wimbo kutoka G mpaka F, yule kijana akaziba masikio akaanza kulia, analia anasema sio wenyewe, sio wenyewe. Kwake ule ulikuwa wimbo mwingine umebandikwa maneno ya ule anaoujua. Sehemu nyingine wangesema ana tabia mbaya, tumeshaambiwa hivyo mara nyingi tu. Mwalimu alisimamisha, akamwuliza, akaelewa, na kuanzia siku hiyo ile Doh inaandikwa ubaoni kwa herufi kubwa kabla ya kila wimbo, na kama itashushwa inasemwa mapema na kijana huyo ndo anayeitoa nota ya kuanzia kwa kwaya nzima. Hawatumii kinanda tena kuanzisha, wanamtumia yeye. Namshukuru Mungu nilikuwepo nikashuhudia.

Zile nota wanazionyesha pia kwa mikono. Hii ilianzishwa na mchungaji wa Uingereza John Curwen aliyeusambaza sana mfumo wa sol-fa, ishara za mikono aliziongeza mwaka 1870, do ni ngumi, mi ni kiganja kimelala, ti ni kidole kinaelekea juu, na mkono unapanda unashuka kufuata sauti. Kwenye kwaya zetu nyingi ishara hazitumiki, watu wanasoma karatasi tu. Hapa zinatumika kila siku kwa sababu vijana wengi wanaelewa zaidi wanachokiona kuliko wanachoambiwa, na maelezo marefu ya mdomo yanawachosha. Mwanangu sasa hata akiwa anaoga nasikia anaimba nota na najua mikono inafanya kazi huko ndani.

Wapo ambao hawaongei kabisa. Hilo ndo swali la kwanza ninaloulizwa, wangu haongei atafanya nini kwenye kwaya. Kuna binti mmoja hana maneno, anatumia tableti yenye picha, yeye ndo mwenye kuchagua wimbo wa kufungulia, anabonyeza picha na kwaya inaimba alichobonyeza, hawajawahi kumgomea hata siku aliyochagua ule ule mara mbili mfululizo. Mwingine anapiga kayamba na mapigo yake hayayumbi, kwaya nzima inamtegemea. Wengine wanavumisha tu mmm kwenye nota moja chini ya wimbo, na ikitulia hiyo sauti inaupa wimbo uzito ambao usipokuwepo unausikia umepungua. Mmoja wa waliokuwa wanavumisha ameanza kutoa irabu, aaa, ooo, na mama yake anatoka Mbagala kila Jumamosi kwa mabasi mawili kuja kusikia hizo irabu.

Ila wazazi, hapa naomba tuelewane vizuri. Msiende mkitegemea kwaya itaondoa usonji. Kuna utafiti mkubwa ulitoka mwaka 2017, watoto 364 katika nchi 9, wengine walipewa tiba ya muziki kwa miezi mitano juu ya huduma zao za kawaida na wengine huduma za kawaida tu, na mwishoni dalili za usonji hazikuwa na tofauti ya maana kati ya makundi mawili. Upande mwingine watafiti wa Montreal kule Kanada mwaka 2018 walifuatilia watoto 51 na wakaona mawasiliano yamekuwa bora kwa waliofanya muziki, na Boston kule Marekani mwaka 2011 kuna watoto 6 wasioongea waliofundishwa maneno kwa kuimbiwa huku wanapiga ngoma, vipindi 40, wakaanza kutoa sauti za maneno. Lakini 6 ni wachache sana. Kwa hiyo mtu akikuambia muziki unatibu, muulize unatibu nini. Mwalimu wetu huwa anasema wazi siku ya kwanza kabisa, mimi sio daktari, mi nafundisha kuimba, na mi naona hiyo ndo heshima. Mwanangu bado ana usonji, bado haangalii mtu machoni, bado anakula wali mweupe na samaki wa aina moja, na anaimba teno.

Jambo jingine la umri huu ni kuvunjika sauti. Mwanangu aliingia akiwa anaimba alto, sauti ya chini ya kike, pamoja na mabinti, anapenda kile kiti chake, anapenda aliyekaa kulia kwake. Sauti ikaanza kuvunjika. Kwa kijana mwenye usonji kubadilishiwa sauti, kiti na jirani kwa pamoja ni msiba mzito. Walimwandaa kwa miezi. Kwanza mwalimu alimchorea picha ya koo na kumweleza kwamba sauti inashuka kwa kila mvulana, akamsikilizisha rekodi yake ya zamani na ya sasa, baadaye akawa anakaa alto kwa wimbo mmoja na teno kwa wimbo mwingine, alama ya kiti chake ikahama naye. Hakuna siku aliyolia kwa ajili ya hilo. Mimi mama yake nilikuwa sijui nitaanzia wapi kumweleza habari za kubalehe, kwaya ndo ikanifungulia njia.

Wavulana ni wengi mno, hilo mtaliona mara moja mkifika. Takwimu za Marekani za mwaka 2025 zinaonyesha kwamba wavulana wanaotambuliwa kuwa na usonji ni zaidi ya mara tatu ya wasichana, na kwenye kwaya hiyo inakuwa shida ya kimuziki kabisa, teno na besi zimejaa na soprano ni wanne. Wanaziba pengo kwa kuwakaribisha dada na binamu za vijana waje waimbe, na ninachopenda ni kwamba hao dada wanafuata sheria zile zile, wana kiti chenye alama, hawaji pale kama wasaidizi. Binti yangu mdogo anaimba soprano. Zamani alikuwa anaona aibu kutembea na kaka yake mtaani, sasa wanagombana njiani nani aliharibu ubeti wa pili. Mi nafurahi hata kwa huo ugomvi. Naamini pia kuna mabinti wengi wenye usonji wako majumbani hawajatambuliwa, wanaambiwa wana aibu au wana kiburi, wazazi wa mabinti naomba msikae kimya.

Sasa shoo. Kwa mwaka wanafanya chache, kubwa ni ile ya karibu na tarehe 2 Aprili, siku ya usonji duniani ambayo Umoja wa Mataifa uliipitisha mwaka 2007. Shoo zao zina utaratibu, taa haziwashwi na kuzimwa ghafla, spika ziko chini, milango inabaki wazi, mtu akitaka kusimama, kutembea au kutoka nje anafanya hivyo, na wimbo ukiisha watu hawapigi makofi, wanainua mikono juu wanaitikisa kama viziwi wanavyofanya. Kabla ya siku yenyewe vijana wanapelekwa ukumbini kupaona pakiwa patupu. Kule New York walianza onyesho la aina hii kwenye jumba kubwa la maigizo la Broadway mwaka 2011, kwa hiyo kumbi zetu zisiseme haiwezekani, maana hapa inahitaji tu mtu wa mitambo akubali kushusha sauti.

Na kuna sehemu walikataa kushusha. Kuna kampuni moja ilitualika tuimbe kwenye hafla yao, tukafika, spika zinatetemesha viti, mshereheshaji akatutambulisha eti watoto wetu wagonjwa, na akaomba watu watunze wakati vijana wanaimba, wale watu wakaanza kuja mbele kuwabandika hela usoni. Vijana wawili walikimbia, mmoja tulimkuta getini. Mwalimu alisimamisha wimbo, akawaambia waandaaji kwa upole tu kwamba tunaondoka, na tuliondoka. Wiki iliyofuata kwaya yetu ikaandika masharti ya mialiko, kurasa mbili, sauti isizidi kiasi gani, hakuna kutunza usoni, hakuna neno mgonjwa, chumba cha kutulia lazima kiwepo, na malipo ya kwaya yasemwe mapema. Hilo la malipo limenigusa. Kwaya nyingine zikialikwa zinalipwa, kwa nini hawa waitwe kwa huruma na soda. Sasa wanalipwa, kidogo, na kila kijana anapata bahasha yenye jina lake. Mwanangu ya kwanza aliinunulia betri za tochi, anapenda tochi, na sikumwingilia.

Dini. Nimeulizwa sana na mama zetu wa Kiislamu, kwaya si mambo ya kanisani. Hii haiko chini ya kanisa lolote. Wanaimba nyimbo za asili za makabila mbalimbali, nyimbo za watoto, wimbo wa taifa ambao karibu wote waliujua tayari kwa sababu ya mstarini shuleni, na nyimbo ambazo mwalimu katunga mwenyewe kuhusu vitu wanavyovipenda vijana, kuna mmoja una vituo vyote vya mwendokasi toka Kimara mpaka Kivukoni kwa mpangilio na ole wako uruke kituo. Wapo vijana Waislamu na Wakristo, Ramadhani mazoezi yanafupishwa na hakuna anayekula mbele ya wengine. Wimbo wenye maneno ya dini ukiletwa mzazi anaulizwa kwanza.

Mapungufu sasa, maana nimesema nyota nne na nusu.

Kubwa kwangu ni taarifa. Kwaya nzima imejengwa juu ya ratiba isiyoyumba, lakini ratiba ikibadilika wazazi tunaambiwa usiku wa Ijumaa kwenye grupu la WhatsApp, saa 4 usiku, eti kesho tutakuwa ukumbi mwingine. Kwa vijana wetu hiyo haifai kabisa. Kijana anaamka asubuhi anajua anaenda kule, ameshapanga kichwani kona zote za njia, wewe unaanza kumweleza mabadiliko wakati kashavaa viatu. Tumelisema kwenye kikao, wameahidi siku tatu kabla, kwa sasa wanajitahidi ila bado hawajafika hapo. Nusu nyota imekwenda huko.

Joto. Feni ya ukumbi inanguruma na inawasumbua vijana, kwa hiyo wakati wa kuimba inazimwa, Februari mle ndani ni tanuri, vijana wanalowa na wengine nguo ikilowa tu hawawezi kuendelea. Nashauri watafute feni za kimya au wasogeze mazoezi saa 1 na nusu asubuhi kwa miezi ya joto. Wazazi, bebeni tisheti mbili.

Nafasi ni chache na hii inaniuma. Anayehitaji mtu wa kumshika muda wote lazima aje na mtu wake, kwaya haina watu wa kutosha, na familia isiyo na mtu wa kumwachia kazi Jumamosi inakosa. Mama anayeuza genge Jumamosi ndo siku yake ya hela. Naomba wenye ujuzi wa kujitolea, wanachuo wa elimu maalum na ustawi wa jamii, watu wa kwaya mbalimbali wenye asubuhi moja kwa wiki, wajitokeze, watafundishwa pale pale. Na kuna huko mikoani, ndugu zangu wa Mwanza, Mbeya, Tanga wananiandikia inaumiza kusoma. Kila mtaa una kwaya na kila kwaya ina mwalimu anayejua nota. Vifaa vya lazima ni ubao, picha, chumba cha pembeni na mwalimu mwenye subira, hakuna hata kimoja kinachoagizwa nje.

Ada ni shilingi elfu 30 kwa mwezi, asiyeweza anaongea na mwalimu na hakuna aliyerudishwa ninayemfahamu. Ukilinganisha na saa moja ya mazoezi ya kuongea kwenye kliniki za watu binafsi, kwangu ada hii ni ya haki kabisa. Nauli ndo inaumiza, sisi tunatoka Tabata kwa bajaji kwa sababu daladala Jumamosi imejaa na mwanangu hawezi kubanwa. Kuna wazazi wa njia moja tumeanza kuchangia bajaji moja, vijana wawili na mzazi mmoja kwa zamu, imesaidia.

Niongeze kuhusu wazazi wenyewe. Pale nje chini ya mwembe tunakaa saa mbili nzima tukisubiri na hakuna mtu anayeuliza ulimfanya nini mtoto ukiwa mjamzito, hakuna anayekushauri mganga. Akina baba wapo pia, wanne wanakuja kila wiki, na mmoja anatengeneza zile picha za ubaoni mwenyewe kwa mbao na rangi. Tunabadilishana majina ya vinyozi wanaokubali kunyoa bila mashine, duka la viatu lisilo na muziki mkubwa, daktari wa meno mwenye subira. Nimejifunza mengi chini ya ule mti, na mengine nimeyaandika kwenye daftari.

Anayetaka kujiunga, kwanza aje yeye mzazi bila kijana aone mazoezi, wanaruhusu, na apige picha za mlango, viti na mwalimu akamwonyeshe mtoto nyumbani wiki nzima kabla. Siku ya kwanza kijana sio lazima aimbe, wangu alikaa kwenye mkeka wa chumba cha pembeni akisikiliza mlango ukiwa wazi, na hakuna aliyemvuta. Wapya wanapokelewa Januari shule zikifunguliwa, fomu zinatoka Desemba. Kwenye fomu kuna sehemu ya kuandika nyimbo anazozipenda na sauti asizozivumilia, jazeni vizuri hapo, hata kama ni tangazo la redio au mlio wa jokofu andikeni, mwalimu huwa anaanzia kwenye hiyo orodha.